Binti Naye Awe na Daftari Lake

Ndugu Wanachama,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za mikarafuu: palizi, uanikaji, uzito na bei. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze habari za mabinti zetu. Wapo miongoni mwao wenye hamu kubwa ya kazi na biashara, na shauri wanalopewa kila siku ni moja tu: "Jitahidi." Shauri hilo si baya, lakini halitoshi. Mtu aweza kujitahidi umri wake wote katika mali ya mwenziwe, na mwisho akatoka mikono mitupu.

Natoa mfano wa mbali, ili asiwepo wa kusema kuwa nimemsema yeye. Huko Bara, katika Mkoa wa Mara, upande wa Tarime, katika nchi ya Wakurya, pana mahali paitwapo Nyakunguru. Watu wa huko hulima mahindi, mihogo na ulezi, na hufuga ng'ombe. Mikarafuu hawanayo, lakini jirani yao upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji wa biashara mwaka 2002. Basi binti wa Nyakunguru amekulia kando ya dhahabu kama binti wetu alivyokulia chini ya mkarafuu. Wote wawili wanaiona mali kubwa ikipita mbele ya macho yao kwenda ng'ambo. Swali ni hili: wao wanabakiwa na nini?

Shauri langu kwao ni la mambo matatu.

Kwanza, binti asiikimbilie ile mali kubwa yenyewe, bali atazame watu wanaoifuata wanahitaji nini. Wafanya kazi wa mgodi hula, huvaa na hulala. Yupo atakayewauzia mayai na mboga, yupo atakayewashonea nguo. Kwetu ni vivyo hivyo. Msimu ukifika, wachumaji wanataka chakula, majamvi na magunia, na makonyo nayo yana bei, kwani kiwanda cha Wawi hutoa mafuta kwayo. Mwenye akili huanza na kitu ambacho mnunuzi anakitafuta tayari, wala haanzi na kile anachopenda yeye tu kukiuza.

Pili, aandike. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme binti ana mtaji wa Shs. 50,000. Ananunua unga, sukari na mafuta, anapika maandazi na kuyauza yote kwa Shs. 65,000. Faida yake ni Shs. 15,000 tu. Akitoa Shs. 20,000 kwa matumizi ya nyumbani, siku ile amekwisha kula Shs. 5,000 za mtaji, naye hana habari. Akiendelea hivyo hazitapita siku kumi kabla biashara haijafa, na watu watasema ana mkosi. Si mkosi, ni hesabu. Aliyekwenda skuli akajua kujumlisha na kutoa hana udhuru katika jambo hili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jina lake liandikwe. Huko Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Binti wa Nyakunguru aweza kuomba hatimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Tena iko mikopo isiyo na riba. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Mgodi nao hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na ushuru huo ni katika mapato hayo ya ndani. Kwa njia hiyo dhahabu yaweza kumfikia mwanamke asiyeshika sururu. Lakini haimfikii asiyeandikwa. Hukopeshwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki, na wanachama wanaojulikana kwa majina yao.

Yuko atakayesema kwamba mila hazikubali mwanamke kuwa na mali. Kwa Wakurya wenyewe ipo ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa mahari ya ng'ombe, akamuoa mwanamke kijana ili nyumba yake ipate warithi. Siisifu ndoa hiyo, kwani yule kijana mara nyingi hakuulizwa. Ila inaonyesha kwamba tangu zamani mila ilimjua mwanamke mwenye ng'ombe na mwenye nyumba. Na sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na misafara yake ikienda Sham. Twajua pia kwamba fungu la binti katika mirathi limewekwa na Mwenyezi Mungu, wala halikuwekwa na kaka zake.

Hapa visiwani tunao ushahidi mwingine mbele ya macho yetu, nao ni mwani. Kilimo hicho kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kisha kikaenea hata Pemba, na wanawake ndio waliokishika. Bei yake ni ndogo, na joto la bahari limeua sana ile aina yenye bei nzuri. Lakini mwanamke wa mwani anazo kamba zake na vigingi vyake, hupima mzigo wake na hupokea fedha zake mkononi. Wako waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa fedha hizo, na wako waliojifunza kutengeneza sabuni ya mwani badala ya kuuza mkavu tu.

Sasa turudi katika karafuu. Nani huchuma matawi ya chini? Nani hukesha akichambua karafuu na makonyo? Nani hukimbilia majamvi mvua inapotanda? Ni mama zetu, wake zetu na mabinti zetu. Lakini mzigo ukifika kituoni, jina linaloandikwa ni la baba au la kaka. Nimewasikia wazee wakisema, "Binti ataolewa, na mali itahamia kwa watu." Nawajibu kwa heshima: mtoto wa kiume naye huuza shamba la baba yake, na tumeyaona. Binti mwenye mali yake hata akiachwa harudi nyumbani kuwa mzigo, na asipoachwa huwasaidia wazee wake kwa chake mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo nitaleta mbele ya mkutano mkuu wetu ujao mapendekezo mawili. La kwanza, mwanachama aliyempa binti yake miti, hata kama ni mitatu, amlete aandikwe katika daftari la chama kwa jina lake. La pili, mzigo wa miti hiyo upimwe mbali na risiti yake apewe mwenyewe. Nawaomba mabinti nao wasingoje kuitwa, bali waje mkutanoni, wakae, wasikilize na waseme.

Mwenye kupinga aje pia, tusikilizane. Lakini kabla hajasimama, naomba ajibu moyoni mwake: msimu uliopita, karafuu zake zilichambuliwa na nani, na huyo alipata nini?

Wasalaam,
Katibu wa Chama