Barua ya Wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Kwa Katibu Mtendaji,

Tume, ambayo Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 imeikabidhi usimamizi wa ubora wa elimu ya juu, inaombwa kuzitazama jumuiya za ujifunzaji mtandaoni, yaani makundi ya wanafunzi wa kozi moja wanaoulizana, kujadiliana na kusahihishana kupitia intaneti. Vyuo vingi vimeweka mifumo rasmi, aghalabu ya Moodle, programu huria iliyotolewa mwaka 2002. Lakini mara nyingi mfumo huo huishia kuwa ghala la slaidi na mahali pa kukusanyia kazi, huku mjadala wenyewe ukihamia kwenye kundi la WhatsApp lililofunguliwa na kiongozi wa darasa, ambamo mhadhiri hayumo.

Hali hiyo haishangazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyetoka katika shule ambako kukutwa na simu ni kosa la nidhamu, hutarajiwa ndani ya wiki chache aandike hoja kwa Kiingereza mbele ya mamia ya wenzake asiowafahamu, ilhali katika kundi la wenzake huuliza kwa Kiswahili na kujibiwa usiku uleule, kwa bando dogo analolimudu hata kabla fedha za mkopo za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, hazijaingia. Ubaya ni kwamba jibu la makosa nalo husambaa kwa kasi ileile.

Garrison, Anderson na Archer, walioandika nchini Kanada mwaka 2000, walieleza kwamba jumuiya ya namna hii husimama juu ya mambo matatu: uwepo wa kijamii, yaani washiriki kujitambulisha na kuzoeana kama watu halisi, uwepo wa kiutambuzi, yaani kujenga maana kwa hoja, na uwepo wa ufundishaji, yaani kuupanga na kuuongoza mjadala. Kundi la WhatsApp lina la kwanza kwa wingi, pamoja na matangazo ya vyumba vya kupanga, lakini la tatu hulikosa; wala mhadhiri hawezi kudaiwa kazi hiyo ikiwa saa zake za mtandaoni hazihesabiwi katika mzigo wa kufundisha.

Kwa hiyo Tume, inapokagua programu za masomo, isiridhike na kuwapo kwa mfumo, bali iulize nani anaongoza mjadala, saa zake zinahesabiwaje, na kama Kiswahili kinaruhusiwa jukwaani katika muhula wa kwanza. Hilo la mwisho huenda likapingwa zaidi, ingawa ndilo lisilohitaji kununua chochote: waraka mmoja wa Tume unatosha.