Kwa nini baba simba hulala mchana

Watoto wengi wakiona simba kwenye televisheni huuliza: mbona baba analala tu, mama ndiye anayewinda? Swali hilo lina jibu zuri la kusimulia nyumbani.

Dume naye huwinda, lakini kazi yake kubwa ni ulinzi. Usiku huzunguka mipaka ya eneo lake, hukojolea vichaka na kuunguruma. Ngurumo hiyo husikika hadi kilomita 8, na maana yake ni moja: hapa pana wenyewe. Madume wageni wakishinda vita, huwaua watoto wadogo waliowakuta ili majike washike mimba mapema na kuwazalia wao. Baba akianguka, watoto ndio hulipa.

Ndiyo maana mara nyingi dume hatawali peke yake. Vijana wa kiume hufukuzwa kundini wakiwa na umri wa miaka 2 au 3 hivi. Hutangatanga pamoja, ndugu kwa ndugu, hadi wapate nguvu za kunyang'anya eneo la wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Bob Junior, simba maarufu wa Serengeti, alitawala kwa takriban miaka 7 akisaidiana na nduguye, Tryggve. Machi 2023, akiwa ameshazeeka, aliuawa na madume vijana waliotaka eneo lake.

Kwa hiyo mtoto akiuliza tena kwa nini baba simba analala mchana, mzazi amjibu kwa kifupi: alikesha akiwalinda wanawe.