Hevi Metali Haikupendwa kwa Kulegezwa

Miongoni mwa wapenzi wa hevi metali, na hata miongoni mwa wahakiki wake, imekita mizizi imani kwamba umaarufu wa kila kipera cha muziki huo hupanda kadiri makali yake yanavyopunguzwa, na kwamba kipera kinachobaki na ukali wake wote hujihukumu kuishi na wasikilizaji wachache. Imani hiyo ina pande mbili zinazolishana. Wafanyabiashara wa muziki huitumia kuwashinikiza wanamuziki wapunguze kasi, waimbe kwa sauti laini na wafupishe nyimbo, ilhali mashabiki sugu huitumia kuwabeza mashabiki wapya, kwa hoja kwamba chochote kinachopendwa na wengi lazima kiwe kimekwisha kuchakachuliwa. Pande zote mbili zimekosea, na historia ya muziki wenyewe inawaumbua.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni wa bendi ya Metallica ya California, ambayo mwaka 1991 ilitoa albamu yenye jina la bendi yenyewe, nyimbo zikiwa fupi na za mwendo wa taratibu kuliko za awali, na albamu hiyo ikauzwa nakala zaidi ya milioni 16 nchini Marekani pekee. Wenye imani hii huisimulia habari hiyo kana kwamba ilianzia hapo. Metallica ilikulia katika thrashi, yaani kipera kilichozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale ufundi wa bendi za Uingereza kama Iron Maiden ulipokutana na kasi na hasira ya panki, na ambacho mpiga gitaa wake huzichapa nyuzi kwa haraka huku ubavu wa kiganja ukizibana zisilie kwa kirefu. Ikiwa bado ndani ya ukali huo, albamu yake ya Master of Puppets ya mwaka 1986 ilifikia mauzo ya nakala nusu milioni nchini Marekani bila video hata moja na bila msaada wa maana wa redio, na ile ya mwaka 1988, ...And Justice for All, ambayo ni kavu, ndefu na yenye mapigo yanayogeukageuka, ilipanda hadi nafasi ya 6 katika chati ya albamu ya nchi hiyo. Umati ulikuwa umekwisha kukusanywa kwa kaseti zilizonakiliwa na kutumwa kwa posta, na kwa ziara ndefu za maonyesho, ikiwamo ile ya mwaka 1986 ambayo bendi hiyo ilikuwa ikimtangulia mwimbaji Ozzy Osbourne jukwaani. Albamu ya mwaka 1991 iliukuta umati huo ukingoja.

Ipo mifano mingine ambayo wenye imani hii huipita kimyakimya. Bendi ya Pantera ya Texas iliongeza ukali kutoka albamu moja hadi nyingine, na ile ya mwaka 1994, Far Beyond Driven, iliyokuwa ngumu kuliko zilizoitangulia, ikaingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya chati ya Marekani. Slipknot, baada ya kufanikiwa kwa albamu yake ya mwaka 1999, ilitoa Iowa mwaka 2001, kazi yenye giza na vurugu zaidi, nayo ikashika nafasi ya 3 Marekani na ya kwanza Uingereza. Kwa upande wa pili, Celtic Frost ya Uswisi, moja ya bendi zilizoheshimiwa sana katika metali kali, ilijilegeza mwaka 1988 katika albamu ya Cold Lake ili ifanane na bendi za Los Angeles zilizokuwa zikivuma, na matokeo yake ni kwamba mashabiki wa zamani waliikimbia, wapya hawakuja, na baadaye kiongozi wa bendi mwenyewe akaikana kazi hiyo hadharani.

Bendi hizo za Los Angeles, ambazo kipera chao huitwa glamu kwa sababu ya vipodozi, mavazi ya kung'aa na nywele zilizotimuliwa kwa dawa ya kupulizia, ndizo zinazofikiriwa kuwa ngome ya hoja ya ulegevu. Ni kweli kwamba viitikio vyao viliimbika kwa urahisi na kwamba Mötley Crüe na Poison waliuza mamilioni ya nakala. Ila kituo cha televisheni cha MTV, kilichoanza mwaka 1981, kilihitaji picha za kuonyesha usiku na mchana, na hakuna kipera kilichokuwa na picha nyingi kuliko glamu. Baada ya mwaka 1991 kituo hicho hicho kiligeuzia kamera zake bendi za Seattle, Nirvana ikiwa mbele, na glamu ikaporomoka katika kipindi cha miaka michache ikiwa na viitikio vile vile na ulaini ule ule. Kama ulaini ndio uliokuwa umeileta juu, ulaini huo ungeibakiza huko. Kilichoondoka ni njia ya kuwafikia watu, na njia ndiyo ambayo wahakiki wangepaswa kuichunguza kabla ya kuzungumzia ladha za umma.

Ukali wenyewe una mvuto wake, na mvuto huo unaweza kuelezwa kwa mambo yanayoshikika. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani Birmingham akiwa kijana, na kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto kupiga gitaa, vidole hivyo ndivyo vilivyopaswa kubana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize, mlio ukashuka chini na kuwa mzito kuliko uliokuwa umezoeleka katika roki. Albamu ya kwanza ya bendi hiyo, ya mwaka 1970, ilipondwa na wahakiki lakini iliingia katika kumi bora za Uingereza, kwa maana kwamba hata kabla ya nyuzi kulegezwa, uzito wa bendi hiyo ndio hasa wasikilizaji walioutaka.

Miaka ishirini baadaye, katika studio ya Sunlight jijini Stockholm, vijana wa bendi ya Entombed walichukua pedali ya kampuni ya Boss iitwayo HM-2, yaani kisanduku kidogo cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa, wakazungusha vitufe vyake vyote vinne hadi mwisho, wakarekodi Left Hand Path. Mlio uliotoka ulikuwa kama msumeno wa injini ukipasua gogo, na ukawa alama ya dethi metali ya Uswidi, kipera ambacho mwimbaji wake hukoroma kutoka kifuani badala ya kuimba. Boss iliacha kuitengeneza pedali hiyo, lakini baada ya takriban miongo mitatu ya wapiga gitaa kuzisaka zilizotumika, ikaitengeneza upya. Kampuni ya biashara haifufui bidhaa kwa ajili ya ladha isiyo na watu.

Mashabiki sugu nao wasijipongeze. Bendi ya Darkthrone ya Norway ilipotoa Transilvanian Hunger mwaka 1994, ikiwa imerekodiwa kwa mashine ndogo ya nyumbani na magitaa yakavuma membamba na ya baridi, iliipa bleki metali, kipera kingine cha metali kali, uzuri uliotokana na uteuzi wa makusudi, na uzuri huo haupungui wala kuongezeka kwa idadi ya wanaousikiliza. Mwaka 2024 Gojira ya Ufaransa, bendi iliyotoka katika dethi metali, ilipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki jijini Paris, kutoka madirisha ya jengo la Conciergerie, mbele ya watazamaji wa dunia nzima. Magitaa yalikuwa mazito na mwimbaji alinguruma kama kawaida yake, na anayedai kwamba siku ile bendi hiyo iliusaliti muziki wake ana wajibu wa kuonyesha ni noti gani iliyolegezwa.

Afrika Mashariki nayo imefungiwa mlango na imani hii. Duma, bendi ya watu wawili kutoka Nairobi, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wakichanganya ngoma za mashine za kasi ya kutisha na mayowe yasiyomhurumia msikilizaji, na sifa zikawajia kwanza kutoka Ulaya. Mwimbaji wao, anayejiita Lord Spikeheart, aliendelea na njia hiyo hiyo katika The Adept ya mwaka 2024. Kituo cha redio cha Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kinachosema kwamba wasikilizaji wake hawautaki muziki kama huo kinapaswa kwanza kuutengea saa moja ya usiku, wiki baada ya wiki, kwa mtangazaji anayezijua bendi hizo na kwa nyimbo zisizopunguzwa chochote, na baada ya mwaka mmoja ndipo kihesabu simu zilizopigwa.