Shaini ya tairi jipya isitutoe ngozi

Wiki jana nilipita pale nilipokuwa nikiosha magari zamani, huku Eastlands, nikakuta kijana ambaye hata ndevu bado, amechuchumaa kando ya pikapu. Mkononi ana chupa ya soda iliyokatwa shingo, ndani petroli, na kitambaa ambacho miaka iliyopita kilikuwa fulana ya mtu. Pikapu ilikuwa imevishwa matairi manne mapya kabisa, bado yana vile vinywele vya mpira na ile rangi ya buluu juu ya herufi nyeupe. Mwenye gari amesimama hapo akibonyeza simu. "Kijana, toa hiyo rangi yote. Nataka ing'ae."

Kijana akasugua. Petroli ikamtiririka hadi kwenye kiwiko. Buluu ikatoka, kweli. Mwenye gari akafurahi, akatoa soo mbili, akawasha gari akaenda zake. Mimi nikabaki nimetoa macho, kwa sababu miaka michache iliyopita kijana huyo nilikuwa mimi.

Acha niseme wazi. Kuosha tairi jipya kwa petroli, dizeli, mafuta taa au thina ni hasara kwa mwenye gari na ni hatari kwa anayeosha. Na wa kulaumiwa kwanza si yule mwenye kitambaa. Ni sisi wateja tunaotaka tairi ling'ae kama kiatu cha bwana harusi, tena ndani ya dakika kumi, tena kwa bei ya chini.

Kwanza tujue kile tunachokitoa ni nini. Tairi hupikwa kiwandani ndani ya kalibu yenye joto kali. Kama vile mathe anavyopaka sufuria mafuta ili keki isigande, kiwandani nako hupakwa kitu cha kuteleza, mara nyingi cha sabuni au silikoni, ili tairi litoke bila kuchanika. Kiasi chake hubaki juu ya mpira. Ndicho kile kiutando unachokisikia ukipitisha kidole kwenye tairi jipya. Vile vinywele navyo ni mpira uliopenya kwenye vitundu vya kutolea hewa. Havimdhuru mtu, viache.

Ile buluu ina kazi yake pia. Herufi nyeupe zilizo ubavuni mwa matairi mengi ya pikapu na magari makubwa ni mpira mweupe wenyewe, si rangi iliyopakwa. Matairi yakipangwa ghalani moja juu ya jingine, mafuta yaliyo katika mpira mweusi yanaweza kutia herufi hizo madoa. Kwa hiyo zinafunikwa na buluu hadi tairi lifike kwa mteja. Na buluu hiyo imetengenezwa itoke kwa maji, sabuni na burashi. Haikuwahi kuhitaji petroli hata siku moja.

Halafu kuna ule ukahawia unaotokea ubavuni baada ya muda, ambao wengi huuita uchafu. Mpira huchanganywa na nta pamoja na kemikali za kuukinga dhidi ya ozoni iliyo hewani, kwa maana ozoni ndiyo hupasua mpira. Tairi likizunguka na kujikunja, vitu hivyo husogea polepole hadi juu, vikakutana na hewa, vikageuka kahawia. Yaani tairi linajipaka mafuta lenyewe, kama wewe unavyojipaka mafuta asubuhi usikauke ngozi. Sasa wewe unakuja na petroli kuyafuta.

Petroli inapogusa mpira haipiti tu juu. Mpira huinywa, ukavimba kidogo, ukalainika. Ikikauka, inakuwa imeondoka na sehemu ya zile kinga. Sitakudanganya kwamba kuosha mara moja kutapasua tairi lako kesho asubuhi. Lakini hakuna anayeosha mara moja. Gari la biashara hupita kwa waoshaji kila wiki, na kila wiki ni kitambaa kilekile na chupa ileile. Mwishowe unaona nyufa ndogondogo ubavuni, kama matope yaliyokauka baada ya mvua. Na ubavu ndio sehemu inayojikunja kila mzunguko wa gurudumu. Pancha ya katikati, fundi ataziba. Ubavu ukipasuka hauzibiki kwa usalama, tairi ni la kutupa. Hapo nimeongea kama una bahati na limepasuka ukiwa umeegesha. Ukiwa Thika Road saa tatu usiku na abiria nyuma, hiyo ni hadithi nyingine.

Kuna uchungu mwingine hapa. Kila tarehe 14 ya mwezi tunakaa macho kwa simu tukisubiri EPRA watangaze bei za mafuta. Zikipanda tunalia mitandaoni. Kisha petroli hiyohiyo tunaimwaga kwenye tairi tulilonunua kwa maelfu ya shilingi, ili tuliharibu. Wasee, hiyo hesabu inakubali vipi?

Lakini kilichonifanya niandike si tairi. Ni mikono.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kazi ya kwanza niliyopata ni ya kuosha magari. Hakuna aliyeniambia vaa glavu. Nilipewa ndoo, kitambaa na chupa. Kufikia mwezi wa pili ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe na imepasuka, nikishika pilipili jioni nyumbani naruka. Kichwa kilikuwa kinauma kila siku, nikidhani ni jua. Haikuwa jua. Ni mvuke niliokuwa navuta nimeinama kwenye gurudumu. Petroli ina benzini, na benzini inajulikana kusababisha saratani ya damu. Simwambii mtu kwamba akiosha tairi moja ataugua. Nasema kijana anayefanya hivyo magari 15 kwa siku, mwaka mzima, mikono mitupu, anacheza na kitu ambacho hakijui.

Na moto je? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu ukapotea, hutambaa chini. Pale kwetu mama wa chai alikuwa na jiko hatua chache tu kutoka tulipooshea. Siku moja chupa ilianguka, petroli ikafuata mtaro kuelekea jikoni kwake. Mwenzangu mmoja alikimbia na ndoo mbili za maji na povu, akailazimisha igeuke upande mwingine. Tulicheka siku hiyo, kicheko cha watu walioogopa. Mpaka leo nikikumbuka, sicheki.

Sasa, najua utauliza: kama si petroli, ni nini? Jibu ni rahisi hadi linaudhi. Egesha gari mahali tambarare penye kivuli, zima injini, vuta breki ya mkono. Subiri matairi yapoe. Lowesha ubavu kwa maji. Changanya sabuni ya maji, hata ile ya kuoshea vyombo, kwenye ndoo ya maji vuguvugu. Paka, uiache dakika chache iingie. Kisha sugua kwa burashi ya plastiki, kipande kwa kipande ukizunguka, si kwa waya wa kusugulia sufuria, maana waya hukwaruza mpira na kuchafua zile herufi nyeupe. Suuza kabla sabuni haijakauka. Buluu ikibaki, rudia. Mara nyingi raundi mbili zinatosha. Ukitumia bomba la presha, usilisogeze karibu sana na mpira, maji yenye nguvu yanaweza kuuchoma kama kisu.

Gundi ya stika iloweshe kwa maji ya moto yenye sabuni, uikwangue taratibu kwa kadi kuukuu ya benki. Stika iliyo kwenye sehemu inayokanyaga barabara, ibandue tu; gundi itakayobaki lami itaimaliza. Hata ule utelezi wa kiwandani kwenye sehemu hiyo huisha kwa kuendesha. Ndiyo maana kilomita mia chache za mwanzo unapaswa kwenda polepole, usifunge breki ghafla, usikate kona kwa fujo, hasa mvua ikinyesha. Tairi jipya halijashika barabara vizuri bado. Watu wa nduthi, hapo mnanisikia? Nyinyi mnalala kwenye kona. Kwenu mafuta ya kung'arisha tairi yasikaribie gurudumu kabisa.

Na hiyo shaini yenyewe? Kama lazima, tafuta ile ya maji, ambayo mara nyingi ni nyeupe kama maziwa. Weka kidogo kwenye kitambaa, pangusa ubavu tu, futa kinachozidi. Isiguse sehemu inayokanyaga, isiguse diski ya breki. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini si shaini. Mafuta ya breki si shaini, na yakirukia bodi yatakula rangi ya gari.

Nimeshajibizana na watu kuhusu hili. Rafiki yangu mwenye kituo cha kuosha magari aliniambia, "Bro, wewe unaandika, mimi nalipa kodi ya ploti. Mteja anataka haraka. Petroli inatoa uchafu kwa dakika moja, sabuni dakika kumi. Nikimchelewesha, anaenda kwa jirani." Simkatalii. Ana hoja, na ndiyo sababu sianzi na yeye. Ila huyo rafiki yangu naye ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wanaoshika vitu vya kudhuru vifaa vya kujikinga, glavu zikiwemo. Hata kibanda cha mabati kando ya barabara ni mahali pa kazi. Glavu hazimfilisi mtu. Matibabu ya ngozi ndiyo yatamfilisi yule kijana, kwa sababu hatalipiwa na yeyote.

Kwa hiyo narudi kwetu wateja. Tabia yetu ya kupenda tairi jeusi tititi imetufanya wajinga kwa njia nyingine pia. Tairi kuukuu likipakwa kitu cheusi linang'aa kuliko jipya. Unafika dukani, unaona linameremeta, unatoa pesa. Hukuinama kusoma tarakimu nne zilizo mwisho wa ile namba inayoanza na DOT ubavuni. Zikiwa 1224, tairi lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2024. Zikiwa 3014, unanunua tairi la mwaka 2014, hata liwe linang'aa kiasi cha kujionea uso. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande wa ndani tu, kwa hivyo mwambie muuzaji aligeuze kabla halijafungwa. Anayekataa kuligeuza ameshakujibu.

Tumezoea kuamini macho. Nganya ikiwa na rangi na muziki, hatuulizi breki. Gari likiwa na matairi yanayong'aa, tunasema limetunzwa. Lakini tairi lenye afya ni jeusi lisilo na mng'aro, na ukahawia kidogo si aibu. Ni dalili kwamba lile dawa lililochanganywa kiwandani linafanya kazi. Utunzaji ni hewa ya kutosha, kukagua nyufa, na kuosha kwa sabuni.

Ombi langu ni dogo. Siku utakapopeleka gari lenye matairi mapya kuoshwa, sema maneno matano kabla hujakaa kwa simu: "Tumia sabuni, usitumie petroli hapa." Kisha ongeza hamsini kwa sababu ya zile dakika kumi. Kijana akikuambia hana burashi, nunua burashi uiweke kwenye buti. Itakaa miaka.

Yule wa wiki jana nilimngoja pikapu iondoke, nikamuonyesha mikono yangu. Alama bado ziko. Akaangalia yake, akaangalia chupa, akaniuliza, "Sasa wakija wengine wakitaka hivyohivyo, niwaambie nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, maana yeye hawezi kumkataza anayemlipa. Wewe unayemlipa, unaweza.