Gordian amecheza Pangani, Muleba inamsubiri

Na Adelina Rwegasira

Waigizaji wetu wengi wa kike tunawajua kwa habari za mahusiano yao kabla hatujazijua filamu zao. Godliver Gordian, mwana wa Kagera, mimi namjua kwa kazi. Alionekana kwenye Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza kurushwa 2012, na baadaye kwenye Binti ya Seko Shamte (2021), mojawapo ya filamu za kwanza za Kitanzania kuingia Netflix.

Lakini aliponishika hasa ni kwenye Aisha, ya mwongozaji Chande Omar. Mwanamke anarudi kwao kwa harusi, anabakwa, na watu wanataka mambo yaishe kimyakimya. Yeye anakataa. Filamu hiyo iliandaliwa na UZIKWASA, shirika lenye makao Pangani, wilaya ndogo kwa mbali kuliko Muleba yetu ya Kagera. Pangani waliichukua aibu yao wenyewe wakaiweka hadharani, na aliyeibeba ni binti wa huku kwetu.

Sisi kwetu tumempa nini cha kucheza? Mhaya wa kwenye vichekesho ni yule wa kujisifu na kuchomekea Kiingereza, basi.

Na kisa tunacho. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila wa kumtunza, Agosti 24, 1988, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, mtoto wa ndugu yake alikuwa Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Holaria hakuishia hapo. Mahakama ya Wilaya ikampa haki, na 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatamka kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo hadi nje ya nchi. Vijana wa Muleba wanaojua jina la Holaria ni wa kuhesabu.

Ninamwona Gordian kwenye nafasi hiyo: bibi kizee kati ya migomba ya baba yake, wanaume wa ukoo wameketi wanaamua juu ya kibanja alichoachiwa yeye. Aongee kwa lafudhi yetu, asilazimishwe Kiswahili cha Kinondoni. Ipigwe Kashasha kwenyewe, na ionyeshwe Muleba na Bukoba kabla ya Dar es Salaam, hata kama ni kwenye vibanda umiza.

Kamati za harusi za Wahaya walioko Dar es Salaam hukusanya mamilioni ndani ya wiki chache. Ninaomba kamati moja ikae kwa ajili ya Holaria, imtafute mwandishi wa mswada, kisha impigie simu Gordian.