AZIBAYE MASIKIO SI MKAIDI

Katika gwaride moja la Tarehe Sita tulimwona mtoto wa sajini, umri wake yapata miaka 7, akijitupa chini na kuziba masikio mara bendi ilipoanza kupiga. Baba yake, kwa kuona haya mbele ya wakubwa, alimwinua kwa kofi. Mtoto akazidi kupiga mayowe, na waliosimama karibu wakanong'ona kwamba hakulelewa.

Kofi lile lilikuwa kosa, ingawa sajini hakulijua. Hali ya mtoto yule huitwa usonji. Si pepo, si laana ya ukoo, wala haitokani na chanjo. Daktari Leo Kanner, aliyeieleza nchini Marekani mwaka 1943, aliona tangu hapo kuwa watoto wake walitishwa mno na kelele kubwa. Hata hivyo, ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo ulipoitaja wazi tabia ya hisi miongoni mwa dalili zenyewe. Wako wanaoumizwa na sauti, mwanga, harufu au mguso. Wako pia wasiosikia maumivu upesi, wapendao kuzunguka na kukumbatiwa kwa nguvu.

Sasa tuyatazame makazi yetu. Alfajiri tarumbeta, kisha vishindo vya mabuti, jenereta, na mvua juu ya vile vibanda vya bati vya mviringo ambamo familia nyingi za polisi zimeishi kwa miaka mingi. Sisi tumezoea. Mtoto huyu hazoei kwa kulazimishwa. Kila siku kwake ni kama kusimama kando ya mzinga.

Msaada wake hauhitaji fedha nyingi. Mzazi aandike ni nini kilichotangulia kila kilio, naye atagundua adui ni nani: pengine ni kitambaa cha chapa kikwaruzacho shingoni, ambacho hukatwa kwa wembe. Mtoto aambiwe mapema litakalotokea. Apewe pembe tulivu yenye mwanga hafifu. Vifunika masikio kama vile tuvaavyo kwenye uwanja wa shabaha vyamfaa wakati wa kelele, ila asivivae mchana kutwa, kwani masikio yaliyozoea ukimya huona kelele ndogo kuwa kubwa. Akishalemewa, maneno yapunguzwe, watazamaji waondolewe, angojewe.

Kwa askari polisi lipo jambo zito zaidi. Watoto hawa hukua. Kijana wa miaka 18 anayemulikwa tochi usoni, king'ora kikilia, akaamriwa asimame, aweza kukimbia au kunyamaza kimya bila kosa lolote. Zima king'ora, shusha tochi, sema neno moja kwa sauti ya chini, usimshike ghafla. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtu kama huyu. Lakini usiku barabarani ni mwenye bunduki anayeamua.

Nao makamanda twawaomba jambo dogo. Kabla ya mizinga ya tarehe 9 Oktoba, na kabla ya kila zoezi la shabaha karibu na makazi, saa itangazwe kwa familia tangu jana yake, ili mama mwenye mtoto wa namna hii apate muda wa kumpeleka mbali.