Tumbo Linapouma Baada ya Matubwitubwi

Labda umeliona jambo hili kijijini kwako, huko Masisi milimani au Walikale msituni. Mtoto anavimba mashavu chini ya masikio. Mama yake anamfunga kitambaa, wala watu hawahofu, maana matubwitubwi hupita. Baada ya siku chache uvimbe unaanza kupungua, kisha ghafula tumbo linamshika. Maumivu yako juu ya kitovu, yanapenya mpaka mgongoni, wala hayaachi. Anatapika lakini hapati nafuu. Anaketi ameinama mbele, amekumbatia magoti. Ndipo neno moja linapita nyumba kwa nyumba: sumu. Ni nani aliyempa chakula jana?

Nasema wazi kwamba neno hilo limetuharibia wagonjwa, tena limetuharibia ujirani.

Sikia kwanza habari ya mwili. Ukichinja mbuzi, utaona nyuma ya tumbo, karibu na mwanzo wa utumbo, kinyama kirefu kilaini. Sisi nasi tunacho, kinaitwa kongosho. Hutoa maji makali ya kumeng'enya chakula, na pia insulini inayotawala sukari ya damu. Virusi vya matubwitubwi hupenda tezi za mate, lakini mara chache huingia katika kongosho pia. Likivimba, yale maji makali huanza kulila kongosho lenyewe, na hayo ndiyo maumivu ya mtoto. Kati ya wagonjwa 100 wa matubwitubwi, wanaopatwa hivyo hawafiki 5, na wengi wao hupona. Tena ziko sababu nyingine: mawe ya nyongo, pombe kali kama lotoko, hata minyoo mikubwa inayopanda na kuziba njia ya nyongo.

Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kutiwa sumu. Lakini tazama ni nani anayeshitakiwa. Ni mjane mzee, au mke mwenza, au mtu aliyefika juzi akikimbia vita, asiye na ndugu wa kumtetea. Na sisi washiriki wa kanisa tumo katika minong'ono hiyo. Nimeisikia hata penye mlango wa kanisa. Wakati huo mtoto anatapishwa kwa majani, anaingizwa dawa kwa njia ya chini, naye anapoteza maji siku ambazo mwili wake unayahitaji sana.

Hospitalini hatuna dawa ya kuua virusi hivyo. Tunampa maji kwa mshipa na dawa ya maumivu, nasi tunamwangalia usiku na mchana. Zamani wagonjwa wa namna hii walinyimwa chakula siku nyingi. Sasa twajua kwamba kutapika kukipungua, yafaa aanze uji mapema. (Wauguzi wenzangu wa dispensari, angalieni: kipimo cha amilase chaweza kudanganya, maana tezi za mate zilizovimba hukipandisha zenyewe. Lipase ni ya kuaminiwa zaidi.) Na huenda si kongosho kabisa. Huenda utumbo umetoboka kwa tifoidi, naye anahitaji kupasuliwa upesi. Nyumbani hakuna awezaye kutambua tofauti.

Utanijibu kwamba hospitali ni mbali. Ni kweli. Wako wanaobebwa kwa tipoyi kutwa nzima, na njia ya Sake kwenda Masisi vita vimeifunga mara nyingi. Kwa sababu hiyo hasa, siku ya kwanza isipotezwe kwa kumtafuta mlozi.

Wengine huuliza, je, chanjo ya surua haikumkinga? Hapana, hiyo ni ya surua. Chanjo ya matubwitubwi ilianza kutumika Marekani mwaka 1967, lakini haimo katika chanjo za kawaida za watoto wa Kongo. Basi mtoto akivimba mashavu, akae nyumbani siku 5, wala asishiriki kikombe na kijiko na wenzake.

Tumbo likimshika, mbebeni siku ile ile. Jirani mnayemshuku, mwombeni naye ashike mti wa tipoyi. Mpeni mgonjwa maji kidogo kidogo njiani, na mkifika, mwambieni muuguzi siku mashavu yalipoanza kuvimba, na majani yote aliyonyweshwa, bila kuficha hata moja.